Tovuti Mpya ya Jiji Imenirudisha kwa Meya Mara Nne

Niseme mapema nisije nikaonekana nina roho mbaya: tovuti mpya ya jiji letu inapendeza. Rangi zimetulia, maandishi yana nafasi ya kupumua, na ile menyu ya zamani yenye idara zilizopangwa kwa mpangilio anaoujua aliyezipanga tu imeondoka. Siku ya kwanza nilimwambia hadi jirani yangu, "Safari hii wamefanya kazi." Maneno hayo leo nayala bila chumvi.

Nilichokifuata kule ni kimoja tu, kuhuisha leseni ya biashara. Kwenye tovuti ya zamani, ile iliyokuwa na sura ya tangazo la mnada, fomu hiyo niliimaliza kabla chai haijapoa. Kiungo chake nilikuwa nimekihifadhi kwenye simu. Nakibonyeza: 404, ukurasa haupatikani. Yaani wamehama nyumba nzima bila kubandika hata karatasi mlangoni kusema wamehamia wapi, na kuielekeza anwani ya zamani kwenye mpya ni kazi ya mistari michache tu kwenye seva. Haya, nikaanzia mwanzo.

Mwanzo ni meya. Picha yake imejaa kioo chote cha simu. Inapita, inakuja nyingine anakata utepe, inapita, anapanda mti. Leseni iko chini yao wote, kwa maandishi ya kijivu juu ya weupe, kama yameandikwa kwa maji.

Fomu ina kurasa sita. Nilijaza taratibu, maana wanataka namba ya mlipakodi, wanataka na namba ya leseni iliyopita ambayo ni wao wenyewe walionipa, na karatasi zote hizo ziko kabatini. Ukurasa wa tano unataka picha ya kitambulisho. Nikapiga, ikakataliwa kwamba ni kubwa mno. Nikaipunguza, ikakubali. Nikabonyeza "Endelea".

Meya.

Nilidhani nimegusa pabaya. Nikaanza upya, nikakwama kwenye maandishi mekundu: "Kuna hitilafu kwenye fomu." Hitilafu gani, iko wapi? Kumbe kisanduku cha namba ya simu hakitaki nafasi katikati ya tarakimu. Hadi naligundua hilo, meya tena. Mara ya tatu nikatazama saa. Dakika kumi na ushee hivi, na kila ulichoandika kinafutwa, hakuna onyo wala pa kuhifadhi.

Nikapiga simu ya msaada. Akapokea kijana mwenye sauti ya mtu aliyekatizwa chakula. Nikamweleza yote. "Mama, huku kwetu inafunguka vizuri." Nikamwambia hata kwangu inafunguka, shida inanifutia kazi. Kimya kidogo, halafu: "Sasa mama, si utafute kijana hapo nyumbani akusaidie?"

Nimeshika vitabu vya hesabu vya watu zaidi ya miaka ishirini. Hao vijana wa nyumbani fomu zao nawajazia mimi! Nilikata simu mikono ikinitetemeka, nikakaa kusoma mwenyewe, bila kijana. Kumbe shirika la W3C, linaloweka viwango vya wavuti, lina mwongozo unaoitwa WCAG, na tangu toleo la mwaka 2008 umo ukomo wa muda: njia mojawapo inayokubalika ni kumwonya mtumiaji kabla muda haujaisha na kumpa angalau sekunde 20 za kuuongeza kwa tendo jepesi. Kitufe kimoja tu, "Bado nipo". Na ule ukijivu wa maandishi nao una kipimo chake, tofauti ya mwangaza isipungue 4.5 kwa 1 kwa herufi za kawaida. Kwa hiyo macho yangu hayana kosa.

Waingereza walipozindua GOV.UK, tovuti ya huduma za serikali yao, mwaka 2012, kanuni yao ya kwanza ya usanifu ilikuwa kuanza na mahitaji ya mtumiaji. Tovuti hiyo ilitoka kavu, haina mbwembwe, na mwaka 2013 ikatwaa tuzo ya usanifu bora wa mwaka ya Design Museum ya London. Sisi tumeanza na mahitaji ya meya.

Nilikuwa nimeshaamua nyota moja. Usiku nikarudi kwa kompyuta, kila jibu nimeliandika pembeni, nikawa nabandika kama ninayekimbizwa. Ikapita. Nikalipa, na kabla sijaiweka simu mezani risiti ikaingia, na leseni yenyewe nyuma yake, tayari kuchapishwa. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Na hapa lazima niwe mkweli: ile fomu ya zamani ninayoisifia, ukishaijaza ulikuwa unaifuata leseni ofisini, unaambiwa njoo kesho, kesho yenyewe mwenye muhuri hayupo. Nilishasahau, hasira inafuta kumbukumbu kuliko hiyo fomu yao. Kwa hiyo aliyetengeneza sehemu ya mwisho, popote alipo, Mungu ambariki. Nyota nne.

Tatu, kwa sababu ya 404. Nikikumbuka "kijana hapo nyumbani", mbili, na hiyo ya pili naitoa kwa shingo upande.

Maoni haya, kwa taarifa yenu, niliyaandika kwanza kule kwao, kwenye kitufe chao cha "Tuambie". Nilikuwa nimefika kwenye kijana wa simu waliponirudisha kwa meya.