Uzoefu wangu: matone ya kutanua mboni, kisha usukani

Mimi ni mgonjwa wa kisukari mwenye umri wa miaka 53, na kila mwaka hupimwa macho ili ijulikane kama mishipa midogo ya damu kwenye retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, imeanza kuharibika. Mwezi uliopita nilikwenda kwenye kliniki moja jijini Dar es Salaam, nikiendesha gari mwenyewe kwa matumaini ya kurejea kabla ya foleni za jioni.

Saa nne asubuhi muuguzi alinidondoshea tropikamidi, dawa ya kutanua mboni ili retina ionekane, katika macho yote mawili, nayo ikauma kwa sekunde chache kama maji ya chumvi. Dakika 20 baadaye alinimulika, akaona mboni hazijatanuka vya kutosha, akaongeza tone jingine huku akinieleza kwamba macho meusi huchelewa kuitikia dawa hiyo. Ndipo akauliza, "Baba, umekuja na nani?" Nilipomjibu kuwa niko peke yangu, aliniambia nisiendeshe. Daktari alinipima bila haraka na kunionyesha picha ya retina yangu, ambayo haikuwa na dosari. Kwa upande huo sina la kulalamika.

Nilipotoka nje ilikuwa inakaribia saa sita. Kwa kawaida mboni husinyaa mwanga unapozidi, lakini dawa hii huilegeza misuli inayoisinyaza, hivyo jua lote la Dar, pamoja na lile linalorudishwa na lami, mabati na vioo vya daladala, liliingia machoni bila kizuizi. Kilichonidanganya ni kwamba namba za gari lililoegeshwa mbali nilizisoma vizuri, nikajiona mzima, nikawasha gari. Getini mwanga uligonga kioo cha mbele kikawa cheupe kama shuka, na bodaboda iliyokuwa ikija kutoka kulia sikuiona mpaka ilipokwisha kunipita. Nilirudi kinyumenyume, nikaegesha, nikamwomba mlinzi aniitie teksi.

Uoni wa karibu haukunisumbua sana, kwani kwa umri wangu nimekwisha kuwa mtumwa wa miwani ya kusomea. Kijana ambaye bado anasoma bila miwani ndiye angeona herufi za simu zimevurugika. Mwanga ulianza kuvumilika kuelekea saa kumi jioni, na gari nililifuata kesho yake. Mwenye kumpeleka mtoto ajue kwamba saiklopentoleti, dawa nyingine ya kutanua mboni ambayo hutumiwa sana kwa watoto, yaweza kudumu hadi siku nzima. Aidha, maumivu makali ya jicho, wekundu na kichefuchefu baada ya matone si hali ya kawaida, na mtu arudi hospitali siku hiyohiyo.

Ujumbe wa simu wa kunikumbusha miadi ulinitaka nije na kadi ya bima na kufika mapema, ila haukugusia kabisa suala la dereva, na swali la muuguzi lilikuja wakati dawa imekwisha kuingia. Nimewapa nyota nne kati ya tano. Ya tano naishikilia hadi watakaporekebisha ujumbe huo.