Discourse kwa saiti ya memba wanaolipia: jukwaa zuri, ila chunga mlango

Niseme mapema, kama una saiti ya uanachama, yaani watu wanalipia ndo wafunguliwe masomo na mafaili yako, na sasa unataka kuwawekea sehemu ya kuongea wenyewe kwa wenyewe, Discourse, programu ya kuendeshea jukwaa la mjadala, ndo ningekwambia uanze kuiangalia. Matatizo inayo, na mengine yanakera kweli, lakini kwa kazi hii sijaona nyingine ya bure inayoifikia.

Najua kuna mtu ataniuliza si tuna WhatsApp jamani. Sawa, grupu linabeba watu mpaka 1024 na kila mtu analo mkononi, ila kwa memba anayelipa linachosha haraka, swali lililojibiwa vizuri juzi limeshafukiwa na "asante" na "hongera", anaingia mpya anauliza lile lile, na yule anayejua kweli kashachoka kujibu kaamua kunyamaza. Jukwaa linatunza jibu, na mtu anasachi analipata. Hicho ndo unachouza, gumzo anapata popote.

Discourse ilitoka 2013, mmoja wa waanzilishi ni Jeff Atwood yule wa Stack Overflow, saiti ya maswali na majibu ya waandika programu, na ukiitumia unaiona ile damu. Ukianza kuandika kichwa cha uzi mpya inakuletea pembeni nyuzi zinazofanana na swali lako, so kabla hujamaliza kuandika ushapata jibu. Uzi haukatwi kurasa kurasa, unashuka tu mpaka chini, na ulichoandika kinajisevu chenyewe hata ukifunga simu. Pia ni programu huria, unaweza kuiweka kwenye seva yako mwenyewe au ukawalipa wao wakuhostie.

Kilichonivutia zaidi ni ngazi za uaminifu. Ziko tano, kuanzia 0 mpaka 4, na memba mpya anapanda mwenyewe kwa kusoma. Kwa setingi za mwanzo, ili atoke 0 kwenda 1 anatakiwa afungue nyuzi 5, asome posti 30 na akae humo dakika 10, basi, na akiwa 0 hawezi kumwaga picha na linki ovyo. Kwenye saiti ya kulipia spamu sio nyingi kivile, ila ngazi zinakusaidia kwa namna nyingine, wale wa ngazi ya 3 wanaweza kurekebisha vichwa vya nyuzi na kuzihamishia kategoria sahihi, unajikuta una wasaidizi ambao hukuwaomba. Na ngazi ya 3 mtu akipotea anashushwa, hailaliwi.

Sasa tuje mlangoni, maana hapa ndo wengi watalia. Memba tayari ana akaunti na paswedi kwenye saiti yako, ukimwambia afungue nyingine kwa ajili ya jukwaa wengi hawaji, hata hawakwambii, hawaji tu. Discourse wana kitu kinaitwa DiscourseConnect, memba akibonyeza kuingia anapelekwa kwenye saiti yako kubwa, saiti inamthibitisha na kumrudisha na jina, emaili na makundi yake, vyote vimesainiwa kwa funguo ya siri ambayo pande zote mbili zinaijua. Kwa WordPress kuna plagini yao ya WP Discourse, inamwingiza memba kwa akaunti yake ya WordPress bila kuandika kodi. Akaunti moja, mlango mmoja. Ujue tu kwamba ukiwasha hii, ule mlango wa kawaida wa jukwaa unafungwa, kwahiyo saiti kubwa ikilala hakuna memba anayeweza kulogini upya kwenye jukwaa.

Na hapa kuna mtego ambao watu hawausemi. Makundi yanapelekwa pale mtu ANAPOINGIA. Mtu akiacha kulipa leo halafu bado yuko logini kwenye simu yake, jukwaa halijui chochote, anaendelea kusoma kategoria ya wanaolipa kama kawaida, na seti ya mwanzo inamuacha mtu logini mpaka masaa 1440 tangu alipotembelea mara ya mwisho, yaani siku 60, na akichungulia kabla hazijaisha zinaanza kuhesabiwa upya. Dawa ni saiti yako itume taarifa kwa API (njia ya programu moja kuiagiza nyingine) papo hapo uanachama unapoisha, imtoe kwenye kundi. Kama fundi wako anakwambia "imeungwa" muulize swali hilo hilo moja, mtu akiacha kulipa kinatokea nini, ukiona anaangalia juu bado hajamaliza kazi. La pili muulize kama saiti yako inahakiki emaili wakati wa kujisajili, maana kama haihakiki na jukwaa linaiamini tu, mtu anaweza kujisajili kwa emaili ya mwingine akarithi akaunti yake. Wenyewe wametoa onyo hilo na kuna seti ya kulazimisha uhakiki, ila lazima uiwashe wewe.

Sasa kuisimika kwenye seva. Hosti ya kushea, ile ya kawaida ya PHP, sahau. Inataka seva yako, inawekwa kwa Docker (programu inayoiendesha ikiwa ndani ya kifurushi chake), ramu 1GB ndo kima cha chini na hapo ujue unabana, weka 2. Halafu emaili ndo roho yake, kama seva haitumi emaili zinazofika, hakuna mualiko, hakuna notifikesheni, hakuna muhtasari wa yaliyoandikwa, jukwaa linakuwa kaburi. Kiswahili kipo kwenye orodha ya lugha lakini utakutana na sehemu zimebaki Kiingereza.

Nilichopenda ni kwamba wanajua jukwaa jipya linakuwa tupu. Likiwa na watu chini ya 50 linakaa kwenye hali ya kuanzia, kila mpya anapewa ngazi ya 1 moja kwa moja na muhtasari wa emaili unatoka kila siku ili watu warudi. Wewe upande wako usifungue kategoria kumi na mbili, fungua tatu, watu watatu wakiongea kwenye chumba kimoja inaonekana kuna watu. Na lazima awepo mtu wa kujibu kila swali kwa miezi ya mwanzo, hiyo hakuna programu inayokufanyia.

Kama memba wako ni wachache na saiti ni WordPress, na huna hamu ya kutunza seva ya pili, bbPress, plagini ya jukwaa, inatosha kabisa. Inakaa ndani ya WordPress hiyo hiyo, memba ni wale wale, ukitumia plagini ya uanachama inayoelewana nayo anayeacha kulipa anafungiwa hapo hapo bila ufundi wowote, ule mtego wa juu haupo. Ila ni ya kizamani, kurasa ni zile za kubonyeza 1 2 3, meseji za faragha haina mpaka uongeze plagini nyingine, BuddyPress, na watu wengi wakiwa logini kwa pamoja saiti nzima inavuta kamba kwa sababu kashe, yaani kurasa zilizotunzwa tayari, haiwasaidii walioingia.

Lalamiko langu kubwa kwa Discourse ni la kibiashara. Kategoria ukiifungia kundi la wanaolipa, mgeni haoni kitu, hata vichwa vya nyuzi. Usalama safi, ila mtu anayefikiria kujiunga anaona ukuta mtupu, hajui anakosa nini. Acha kategoria moja wazi kwa dunia nzima, hamishia humo nyuzi chache zenye majibu ya nguvu, waombe ruhusa walioandika kwanza, na uipini juu ile bora kuliko zote.