Kichujio cha kubana: siku tano, Nainokanoka hadi Engare Sero

Nimekulia Maji ya Chai, nje kidogo ya Arusha. Nikicheka tu, meno yanasema: maji ya kwetu yana floridi nyingi, madini yanayoyatia meno rangi ya kahawia. Kwa hiyo niliposoma kwenye boksi kwamba kichujio hiki, cha kufunga kwenye chupa kisha unaibana, kinatoa maji salama "kutoka chanzo chochote", nilicheka kweli. Nikakinunua hata hivyo kwa Sh. 130,000, maana cha kwanza kilishakufa.

Marehemu nilikwenda naye Mlima Kenya. Usiku nikamwacha kwenye mfuko wa pembeni wa begi, kambi ya Shipton, mita 4,200 hivi. Asubuhi alikuwa jiwe. Jua lilipotoka aliyeyuka, akaendelea kutoa maji kama kawaida, na hapo ndipo penye hatari: ndani mna mirija myembamba yenye vitundu vya maikroni 0.1, na barafu ikishaipasua huoni kitu kwa macho. Nilimtupa. Huyu wa sasa nililala naye kila usiku ndani ya mfuko wa kulalia, nimemvisha soksi.

Tulianzia Nainokanoka, nyanda za juu za Ngorongoro, tukapita Bulati, kreta ya Empakaai na Naiyobi, kisha tukateremka kuelekea mlima wa volkano wa Ol Doinyo Lengai: punda wawili, askari wa hifadhi, na mwongoza njia wa Kimasai. Kule juu ng'ombe hunywa kwanza, watu baadaye. Lambo la kwanza tulilochota lilikuwa na maji rangi ya chai ya maziwa. Lita mbili zilipita vizuri. Ya tatu nilibana mpaka viganja vikauma. Tangu hapo tukawa tunayaacha maji kwenye dumu usiku kucha na shabu kidogo, asubuhi tunayamimina taratibu kupitia kanga iliyokunjwa mara nne, ndipo tunachuja. Na lile bomba la sindano linalokuja na kichujio usiliache nyumbani eti unapunguza uzito. Bila kusukuma maji safi kinyumenyume, kichujio kinaziba na safari inakuwa ndefu.

Bakteria, amiba na giardia (kijidudu kingine cha kuharisha) hawapiti kwenye vitundu hivyo. Virusi, kama wa homa ya ini A, ni wadogo mno, wanaweza kupita. Kwa hiyo kila tulipochota karibu na boma niliongeza kidonge cha klorini baada ya kuchuja, nikasubiri nusu saa. Ladha yake siipendi. Ndiyo hivyo.

Sasa Empakaai. Tuliteremka hadi ziwani, kwenye heroe, nikaamua kulijaribu lile neno la kwenye boksi. Nikajaza chupa maji ya ziwa, nikafunga kichujio, nikabana. Yakatoka maangavu kama kioo. Nikaonja: magadi matupu! Nikatema. Mwongozaji alicheka hadi akakaa chini, akaniuliza kama hicho kidude kimenunuliwa kwa fedha halali.

Ndivyo ilivyo kwa floridi pia, ila floridi haina uchungu wa kukushtua. Kichujio cha namna hii kinakamata kinachoelea majini, hakikamati kilichoyeyuka. Kuchemsha nako ni kujidanganya: maji yanapungua, floridi inabaki palepale. Mkaa wa mifupa unaivuta, na kwetu umetumika, lakini sijaona wa kubeba begini. Kunywa siku tano hakuchafui meno ya mtu mzima. Aliyelelewa juu ya maji hayo ndiye anayeumia. Hata hivyo, kuelekea Ziwa Natron ambako joto ni kali na maji mengi yana chumvichumvi, sikutaka kubahatisha. Tulijaza madumu mawili ya lita 20 kule juu, punda wakabeba. Lengai yenyewe, mita 2,962, haina maji njiani. Nilipanda usiku na lita nne, zikaniishia wakati wa kushuka.

Kwa kazi yake halisi nakipa nyota nne. Hakifiki gramu 100, kinaingia kwenye chupa nyingi za plastiki za soda, na hakuna aliyeharisha. Ya tano nimeinyima kwa sababu ya boksi, na ya mpira wa mdomoni uliodondoka siku ya tatu kichujio kikaanza kuvuja. Mwongozaji alikata kiduara kutoka kwenye tyubu ya baiskeli aliyokuwa akifungia mizigo. Bado kipo, na hakivuji.