Uzoefu wangu na Proxmox: kadi na swichi zisizoshikika ndani ya seva moja, Mtwara

Tangu mwaka 2023 ninatunza seva ya ofisi moja ya wanunuzi wa korosho hapa Mtwara mjini, na muda wote huo seva hiyo imekuwa ikiendeshwa na Proxmox VE, programu inayoigawa kompyuta moja kubwa kuwa kompyuta pepe kadhaa zinazojitegemea. Wengi huisifia kwa urahisi wa kutunza nakala rudufu, nami sina ubishi nao. Hapa nitazungumzia upande wa mtandao peke yake, kwa sababu huko ndiko nilikohangaika zaidi, na huko huko ndiko nilikokuja kuipendea.

Programu hii hutengenezwa Vienna, Austria, ilianza kutolewa mwaka 2008, na imejengwa juu ya Debian, mojawapo ya mifumo endeshi ya Linux. Kuitumia hakuna ada. Anayelipa kwa mwaka, kwa kila soketi (tundu) ya prosesa, hupata msaada na masasisho yaliyopimwa zaidi. Sisi hatujalipia, kwa hiyo kila ninapoingia hukutana na kijisanduku kinachonikumbusha kwamba sina usajili, nikakifunga na kuendelea na kazi.

Ukimaliza kuisimika unakuta imeshakutengenezea swichi moja pepe (kiunganishi cha kompyuta za mtandao) iitwayo vmbr0, iliyounganishwa na kadi halisi ya mtandao iliyo nyuma ya seva. Kila mashine pepe utakayoiunda hupewa kadi pepe, na kadi hiyo huchomekwa kwenye vmbr0 kama vile ungechomeka kebo kwenye swichi ya dukani. Tofauti ni kwamba kebo hii huioni, na mtu aliyezoea kuikamata waya ya buluu na kuifuata kwa vidole mpaka inakoishia hujihisi kipofu siku za mwanzo. Mimi nilifunguka macho nilipozijua tabia za majina. Ukitoa amri ya bridge link utaona, kwa mfano, tap104i0: hiyo ni kadi ya kwanza ya mashine namba 104, maana hesabu huanzia sifuri. Ukiona veth107i0, hiyo ni ya kontena namba 107, yaani mashine pepe nyepesi inayotumia kiini cha mfumo wa seva yenyewe. Siku niliyowasha faiwoli kwenye mashine ya uhasibu, tap104i0 ilihama kutoka vmbr0 na katikati yake ikajitokeza swichi nyingine ndogo, fwbr104i0, ambayo sikuiunda mimi. Nilidhani kuna mtu ameingilia mfumo, kumbe ndivyo faiwoli inavyojipenyeza ili iyakague mawasiliano kabla hayajapita. Tangu siku hiyo majina haya ndiyo kebo zangu, na tatizo likitokea huanza kuyasoma hayo kabla sijagusa kitu kingine.

Mei 2024, nyaya za baharini zilipokatika na intaneti ikazorota nchi nzima, makarani wetu waliendelea kufunga hesabu bila shida, hata mmoja akaniuliza, “Fundi, umetuwekea intaneti ya siri?” Hakukuwa na siri yoyote. Programu ya hesabu na hifadhidata yake ni mashine mbili pepe zilizo kwenye vmbr0 moja, na kinachopita kati yao hakitoki hata kwenye kadi halisi ya seva, sembuse kufika baharini.

Kilichonisukuma kuugawa mtandao ni mgeni mmoja aliyekuja kuulizia mzigo wake, akajiunga na Wi-Fi ya ofisi, na simu yake ikaiona printa ya uhasibu. Proxmox hulimaliza jambo hili kwa alama moja tu: unaifanya vmbr0 itambue VLAN, yaani mitandao iliyotenganishwa ndani ya swichi moja, kisha kwenye kila kadi pepe unaandika namba ya lebo. Uhasibu niliupa 10, ghala na mizani 20, wageni 30. Upande wa seva kazi hiyo haikunichukua nusu saa. Kilichonichukua siku nzima ni swichi halisi iliyo ukutani, kwa sababu mlango wake unaokwenda kwenye seva lazima nao uruhusiwe kupitisha lebo zote tatu, nami nilikuwa nimeisahau 20. Karani wa ghala alinipigia kusema mizani haisomi, nikaitafuta hitilafu ndani ya seva kwa saa nyingi wakati seva haikuwa na kosa lolote.

Kosa langu kubwa zaidi lilikuja nilipoongeza kadi ya pili ya mtandao. Nilizima seva jioni, nikachomeka kadi, nikaiwasha, na kwa kuwa taa zote zilikuwa zinawaka nikaondoka kwenda nyumbani Shangani. Nilipojaribu kuingia kwa kivinjari, kimya. Bodaboda, ofisini, skrini na kibodi mgongoni mwa seva. Kumbe kadi ya zamani iliyokuwa ikiitwa enp3s0 sasa inaitwa enp4s0, kwa sababu Linux huipa kadi jina kulingana na nafasi yake kwenye ubao, na kadi mpya ilikuwa imezisogeza namba. Faili ya /etc/network/interfaces bado iliitafuta enp3s0, na vmbr0 ikabaki swichi isiyo na waya wa kutokea nje. Nilibadilisha tarakimu moja kwenye mstari wa bridge-ports, nikatoa amri ya ifreload -a ili mipangilio isomwe upya, mambo yakarudi. Baadaye nilizifunga kadi zote mbili kwa majina ya kudumu yanayofuata anwani zao za MAC, yaani namba za utambulisho za kila kadi, nikazingatia yaanze na “en” ili Proxmox iendelee kuzitambua kuwa ni kadi halisi. Ningesoma mwongozo mapema, nauli ya bodaboda ingebaki mfukoni.

Mabadiliko unayoyafanya kwa kivinjari hayaanzi kazi papo hapo. Huandikwa pembeni kwanza, ukaonyeshwa mstari upi umeongezwa na upi umeondolewa, mpaka mwenyewe uidhinishe. Huo ni utaratibu mzuri sana. Lakini ukishaidhinisha hakuna kinachorudisha mpangilio wa zamani chenyewe endapo umejifungia nje, na ndiyo maana sigusi vmbr0 nikiwa mbali na seva.

Kuhusu aina ya kadi pepe, kwa Linux chagua VirtIO, kadi iliyobuniwa mahsusi kwa mashine pepe, bila kufikiri mara mbili. Kwa Windows, e1000, inayoiga kadi halisi ya Intel, hutambulika moja kwa moja lakini huichosha prosesa, na VirtIO huhitaji draiva zake (programu za kuiwezesha kadi) ambazo Windows haiji nazo. Ziweke draiva kwanza, ndipo ubadilishe kadi, na uandike pembeni anwani ya IP uliyokuwa umeipanga, kwa sababu Windows itaiona kadi hiyo kuwa ngeni kabisa. Anwani ya MAC usiiguse: tuna programu moja ambayo leseni yake imefungwa kwenye MAC, na nilipoitengenezea mashine nakala kwa majaribio, nakala ikapewa MAC mpya na programu ikagoma kufunguka.

Matoleo ya karibuni yana sehemu ya SDN, ya kusimamia mitandao pepe inayovuka seva zaidi ya moja. Sisi tuna seva moja, na minada ya korosho ikishaanza mwezi wa kumi hakuna atakayeniruhusu kufanya majaribio. Seva ya pili imeahidiwa baada ya msimu. Kwa sasa kuna karatasi niliyoibandika ndani ya mlango wa kabati, yenye lebo tatu, majina mawili ya kadi na namba za mashine saba, na kila ninapobadilisha kitu naikata kwa kalamu nyekundu.