Rbacon kwa watafiti wa mashapo ya maziwa: tathmini ya mtumiaji

Anayezamisha bomba kwenye sakafu ya ziwa na kulitoa pamoja na tope lake huweza kurudi na mita kadhaa za mashapo, lakini maabara humpa tarehe chache tu za radiokaboni (umri unaokadiriwa kutokana na kuoza kwa kaboni-14) kwa sababu kila kipimo kina bei yake. Umri wa sentimita zote zilizobaki katikati lazima ukadiriwe, na kazi hiyo ndiyo inayofanywa na rbacon, kifurushi cha bure kinachoendeshwa ndani ya R, lugha ya kompyuta ya takwimu. Msingi wake ni programu ya Bacon, iliyoelezwa mwaka 2011 na Maarten Blaauw wa Chuo Kikuu cha Queen's cha Belfast na J. Andrés Christen wa CIMAT, kituo cha utafiti wa hisabati nchini Meksiko. Kwa maoni yangu ndicho chombo cha kwanza cha kumpendekezea mtafiti wa maziwa, mradi asikubali kila anachopendekezewa na kompyuta.

Kukisakinisha ni suala la amri moja, na baada ya hapo hakihitaji intaneti. Data huwekwa katika faili ya kawaida ya jedwali yenye safu nne: namba ya maabara, umri, kosa la kipimo na kina kwa sentimita.

Uzuri wake uko katika namna kinavyofikiri kuhusu tope lenyewe. Nguzo nzima ya tope lililotolewa na bomba hugawanywa katika vipande, vya sentimita 5 usipotaja vingine, kisha kasi ya kutuama ya kila kipande hukadiriwa kwa kuchanganya tarehe zako na matarajio uliyoyataja mapema. Kwa kuwa kasi hiyo haiwezi kuwa chini ya sifuri, tabaka la chini haliwezi kamwe kutoka changa kuliko la juu yake. Pia tarehe moja iliyopotoka haina nguvu ya kuvuta mchoro mzima. Clam, programu ya mwaka 2010 ya Blaauw huyohuyo, ni ya haraka zaidi, lakini ukiiachia iunganishe tarehe kwa mistari iliyonyooka, ukanda wake wa shaka, yaani upana wa umri unaowezekana, unaweza kuwa mwembamba palepale pasipo na tarehe. Rbacon hufanya kinyume chake: ukanda hupanuka kadiri unavyokwenda mbali na tarehe, na hilo peke yake linatosha kwangu kuichagua. OxCal, programu nyingine ya kukadiria umri iliyoandikwa na Christopher Bronk Ramsey, ina uwezo mpana zaidi kwa maeneo ya akiolojia yenye tabaka zilizochangamana, ila mtu wa maziwa atatumia muda mwingi kujifunza lugha yake ya amri.

Tatizo linaanzia kwenye swali ambalo rbacon huuliza kabla ya kuanza. Kasi ya kawaida iliyowekwa humo ni miaka 20 kwa sentimita. Ikiona tarehe zako hazilingani nayo, hupendekeza namba nyingine na kukuuliza kama unakubali. Ni rahisi mno kubonyeza ndiyo. Kabla ya kulisoma jibu, tazama michoro midogo iliyo juu ya ukurasa wa matokeo. Ule wa kushoto unapaswa kufanana na nyasi zilizofyekwa sawasawa, bila mteremko wala kupanda. Ukiwa na mwelekeo, mahesabu hayajatulia na yanahitaji kurudiwa kwa muda mrefu zaidi. Unaofuata hulinganisha kasi uliyoitarajia na ile iliyopatikana baada ya data kusema, na mistari hiyo miwili ikitengana sana, kasoro iko kwenye matarajio au kwenye tarehe.

Programu haiwezi pia kujua historia ya kaboni ya ziwa lako. Katika Ziwa Chala, mpakani mwa Kenya na Tanzania, nguzo inayofikia miaka 25,000 ilipimwa tarehe 168, na bado ilibidi kusahihisha kaboni ya zamani iliyoyafanya mashapo yaonekane makongwe kwa miaka mia kadhaa kuliko yalivyo. Rbacon ina nafasi ya kuingiza sahihisho kama hilo, lakini kiasi chake unakitafuta mwenyewe. Vivyo hivyo kuhusu mkunjo wa kusahihishia, unaogeuza umri wa radiokaboni kuwa miaka ya kalenda: usipogusa chochote hutumika IntCal20 ya kaskazini mwa dunia, ilhali maziwa yetu yaliyo jirani na ikweta hupata hewa ya pande zote mbili kwa majira. Tofauti yake na SHCal20 ya kusini ni wastani wa miaka 36 hivi ya radiokaboni, ambayo ni kidogo kwa tabaka la miaka 20,000 lakini si kidogo kwa anayetafuta ukame wa karne chache zilizopita.

Kwa sentimita za juu kabisa, ambako radiokaboni haisaidii sana, wapo wanaopima risasi-210, aina ya risasi yenye mionzi ambayo nusu yake huoza kwa takriban miaka 22. Vipimo hivyo vina kifurushi chake, rplum, kilichojengwa juu ya rbacon na kinachoweza kuunganisha risasi na radiokaboni katika hesabu moja. Anayeshughulikia mashapo ya miaka 150 ya mwisho na aanzie huko.