Nililipia ukumbi mzima Mwanza nipige piano peke yangu

"Shughuli ya watu wangapi?" dada wa ofisini aliniuliza, kalamu mkononi, daftari la nafasi wazi mbele yake.

"Mmoja."

"Mia moja?"

"Mmoja, dada yangu. Mimi."

Akaweka kalamu chini. Nikamweleza upya kwamba sitaki viti, sitaki mapambo, sitaki spika wala jenereta. Nataka ile piano iliyoko jukwaani na mlango ufungwe, basi. Bei waliyokuwa nayo ni ya harusi na sendofu, tena ya siku nzima. Ya mtu mmoja asiye na wageni haikuwepo kwenye karatasi. Akampigia bosi wake, wakanicheka kidogo kwa Kisukuma wakidhani sisikii (nimezaliwa Magu), mwisho tukaelewana: elfu arobaini kwa saa mbili, Jumatatu hadi Alhamisi tu, kwa sababu kuanzia Ijumaa ukumbi ni wa maharusi. Nikalipa kwa simu, risiti nikapewa palepale. Jina la ukumbi siliandiki maana nina malalamiko kadhaa mbele huko.

Nijieleze kwanza. Mimi ni mpiga kinanda wa kwaya huku Nyegezi, mwaka wa kumi na mbili sasa. Kinanda chetu kina vibao 61, kina ngoma zake ndani, kina sauti za filimbi na za tarumbeta, na kina kile kitufe cha kuhamishia ki (ngazi ya sauti ambayo wimbo unaimbwa) ambacho wapiga vinanda wengi wa makanisani tunakijua kuliko tunavyoijua nota yenyewe. Mwalimu wa kwaya akisema wimbo upo E flati, nabonyeza kitufe mara tatu, vidole vyangu vinabaki C kama kawaida. Miaka kumi na mbili hiyo sijawahi kupiga dakika tano mfululizo bila mtu kuimba juu yangu. Nilitaka nijisikie.

Kwetu hili ni jambo la ajabu kidogo. Usukumani ngoma ni mashindano. Bagika na Bagalu, vile vyama viwili vya ngoma, wanapokutana baada ya mavuno, pande mbili zinacheza kwa wakati mmoja uwanja mmoja, na mshindi ni yule aliyewavuta watu wengi upande wake. Ndiyo maana wanacheza na fisi, na chatu, na kila kitu kinachoweza kumfanya mtazamaji ahame. Anayebaki bila watu ameshindwa, hakuna mjadala. Marehemu babu angesikia kwamba mjukuu wake amelipa elfu arobaini ili asije hata mtu mmoja, angeuliza kama niko salama.

Siku ya kwanza nilienda mwezi wa nane, kiangazi kikavu. Daladala hadi mjini, kisha bodaboda kupanda, maana ukumbi uko juu, mawe makubwa nyuma yake na ziwa chini. Mlinzi ni mzee mmoja mwenye redio ndogo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, baba. Wewe ndiye yule wa mtu mmoja?"

Habari zilishafika. Akanifungulia, akaniwashia taa za jukwaani, akaenda zake.

Piano ni ile ya kulala, yenye mfuniko unaonyanyuliwa kwa mti, si ile ya kusimama inayoegemezwa ukutani. Nilinyanyua mfuniko nikakuta ndani vumbi, kizibo cha soda, ua moja la plastiki na bisi mbili zilizokauka. Harusi hizo. Vibao vyote 88 vipo, ila viwili vya upande wa chini ukivibonyeza haviinuki mpaka uvinyanyue kwa kidole. Nilipiga A ya katikati nikailinganisha na programu ya kwenye simu, ambayo inataka mitetemo 440 kwa sekunde. Hii ilikuwa imeshuka chini sana, karibu kufikia A flati. Na si kwamba zote zimeshuka sawasawa, hapo ningevumilia. Piano ina nyuzi 200 na zaidi, na sehemu kubwa ya nota zake kila moja ina nyuzi tatu zinazogongwa kwa pamoja. Uzi mmoja ukilegea, nota moja inasikika kama watu watatu wanaobishana.

Hili si kosa la ziwa peke yake, ingawa ofisini ndivyo walivyoniambia. Ni kweli ubao mpana ulio chini ya nyuzi, ule unaokuza sauti, unavimba hewa ikiwa na unyevu na kunywea ikikauka, na nyuzi zinapanda na kushuka nao. Mwanza tuna mvua za vuli, tuna masika, halafu katikati kiangazi kinachopasua midomo. Lakini ndiyo hasa sababu piano inatakiwa ityuniwe walau mara mbili kwa mwaka. Nilipouliza mara ya mwisho ni lini, dada alinijibu kwamba fundi huitwa kukiwa na shughuli maalumu. Shughuli maalumu ya mwisho hakuikumbuka. Kwa bei ya kukodisha ukumbi wa harusi, hapo siwaelewi.

Jambo la pili ni kiti. Benchi la piano halipo. Nilipewa kiti cha plastiki, kile cheupe cha msibani. Kiko chini mno, viwiko vinakuwa chini ya vibao. Nikajifariji na Glenn Gould, yule mpiga piano wa Kanada, ambaye kwa miaka mingi alikalia kiti cha kukunja alichorekebishiwa na baba yake, kifupi hivyohivyo, akakibeba kila alikokwenda kupiga. Na huyo ndiye aliyeacha kabisa kupiga mbele ya watu mwaka 1964, akiwa na miaka 31, akabaki kurekodi studio. Tofauti ni kwamba kiti chake alikichagua mwenyewe. Mimi mgongo uliniuma hadi Ijumaa.

Sasa sauti, ambayo ndiyo niliyoifuata.

Nilipiga kodi moja ya C, yaani nota kadhaa kwa pamoja, mikono yote miwili, kwa nguvu kama ninavyopiga kanisani wakati wa kuingia. Nikaruka kwenye kiti. Ilienda mpaka ukuta wa nyuma, ikarudi, ikapita juu ya kichwa changu, ikaenda tena. Viti vyote siku ile vilikuwa vimerundikwa stoo, sakafu ni terazo tupu, kuta plasta, madirisha vioo, juu dari ngumu. Hakuna kitu cha kuinyonya. Nilipiga kofi moja nikahesabu kwa saa ya simu: sekunde tatu na kitu mpaka kimya kamili. Kumbi za muziki zinazosifiwa duniani huwa kwenye sekunde mbili hivi, tena zikiwa zimejaa watu.

Watu, kumbe, ni sehemu ya ukumbi. Mwaka 1895 mwalimu kijana wa fizikia wa Harvard, Wallace Sabine, alipewa kazi ya kujua kwa nini katika chumba kimoja kipya cha mihadhara hakuna aliyekuwa anasikika vizuri. Neno moja lilikuwa linadumu zaidi ya sekunde tano, linalifunika la pili na la tatu. Usiku alikuwa anaazima mito ya viti kutoka ukumbi wa jirani, anaipanga, anapuliza filimbi ya kinanda cha mabomba, anapima kwa saa, na kabla ya asubuhi anairudisha. Alipima na miili ya watu vilevile, kwamba mtu mmoja na nguo zake ananyonya sauti kiasi gani. Ukumbi wa muziki wa Boston uliofunguliwa mwaka 1900 ulijengwa kwa hesabu zake. Nilipoyasoma hayo nikaelewa kwa nini ibada ya kwanza ya Jumapili, kanisa likiwa nusu tupu, kinanda huwa kinanipigia kelele, na ya pili kinatulia. Miaka yote nilidhani ni fundi mitambo.

Nikarudia kodi ileile polepole, nikaiachia. Hapo ndipo niligundua ugonjwa wangu. Mimi najaza. Kwaya ikivuta pumzi, naweka kitu. Ubeti ukiisha, naweka kitu. Mkono wa kushoto haulali. Pale ukumbini kila nilichoweka kilikuta kilichotangulia bado kipo hewani, vikachanganyika vikawa uji, hasa besi. Nikaondoa mguu kwenye pedali inayorefusha sauti. Bado uji. Nikapunguza mwendo. Bado. Mwisho nikaanza kupiga nota, nikaingoja ishuke, ndipo nikapiga inayofuata. Wimbo wa dakika tatu ukanichukua karibu saba, na kwa mara ya kwanza nikasikia sauti ya tatu tuliyoinakili kwenye solfa yetu (nota za do-re-mi) ina kosa ubeti wa pili. Watu wa sauti ya tatu wamekuwa wakilaumiwa bure.

Aibu nyingine ilikuwa ya ki. Piano haina kitufe cha kuhamishia. Wimbo ninaoupiga kila Jumapili kwenye A flati, nilipoutafuta kwenye A flati ya kweli, vibao vyeusi vikanikataa. Mpiga kinanda wa miaka kumi na mbili, nakosea kama mtoto wa sandei skuli, na kila kosa linazunguka ukumbi sekunde tatu kabla halijanisamehe. Nilitazama mlango mara mbili kuona kama kuna mtu.

Halafu vidole. Kibao cha piano halisi kina uzito. Unasukuma nyundo iliyovikwa manyoya ya kondoo yaliyogandamizwa mpaka igonge uzi. Ukisukuma polepole inaongea polepole, ukizidisha upole haigongi kabisa, unabonyeza na hakuna kinachotoka. Kinanda chetu cha kanisani hakijawahi kunifanyia hivyo. Baada ya saa moja kidole cha pete cha mkono wa kushoto kilikuwa hakinisikii tena.

Mara ya pili nilienda mwezi wa kumi na moja, na hapo niwaonye: msiweke nafasi mchana wa vuli. Nilikuwa katikati ya wimbo, wingu likatoka ziwani, mvua ikashuka juu ya bati. Dari iliyopo haizuii kitu. Nilikuwa napiga kwa nguvu zote na sijisikii hata mimi mwenyewe. Umeme ukakatika. Nikakaa gizani nimeshika mikono mapajani, dakika zangu zinaliwa. Mzee akaingia na redio yake kwapani kukwepa manyunyu.

"Mwalimu, mbona umenyamaza?"

"Mvua hii mzee, sijisikii."

"Basi ikiisha uanzie pale ulipoachia. Palikuwa hapajaisha."

Nilikuwa nimeachia kwenye kodi ya tano, kweli, haijarudi nyumbani. Mzee hajui solfa, ameniambia mwenyewe. Dakika ishirini na tano zilipotea, na ofisi ilikataa kunifidia kwa hoja kwamba mvua si yao. Sawa, lakini bati ni lao.

Mvua ilipokata honi ya meli ikalia bandarini, ndefu. Nikaitafuta kwenye piano nijue ni nota gani. Ikaangukia kati ya F na inayofuata, na kwa hali ya piano ile sijui nani kati yao alikuwa amekosea. Miezi ya vuli, kwa taarifa yenu, ubao ulikuwa umevimba na sauti imepanda kidogo, ila bado inabishana.

Mara ya tatu ndiyo iliyonipa jibu. Ilikuwa Alhamisi, na kwa sababu Ijumaa kulikuwa na sendofu, viti vya sponji vilikuwa vimeshapangwa vyote, vimevikwa satini, na vitambaa vimening'inizwa kuta zote mbili. Nilipiga kofi: haikufika sekunde mbili. Besi ikawa na umbo. Mkono wa kushoto ukasikika unafanya nini na nota zangu hafifu zikasikika moja moja. Piga kwenye ukumbi mtupu kabisa kama unataka kufurahi, maana pale hata mtu wa kujifunza anajisikia mkubwa. Kama unataka kufanya mazoezi, subiri viti. Binafsi nilizikosa zile sekunde tatu, sitaficha, lakini ile siku ya viti ndiyo niliyopiga A flati mwanzo hadi mwisho.

Kwa elfu arobaini? Kwa ukumbi, ndiyo, na mlinzi ni wa dhahabu. Kwa piano, elfu kumi na tano ingetosha mpaka watakapomleta fundi, na nimewaandikia hivyo kwenye daftari lao la maoni, pamoja na habari ya vile vibao viwili. Choo ni kisafi, maji yapo. Maji ya kunywa nendeni nayo. Kuanzia jioni vidudu vya ziwani vikianza kuzifuata taa za jukwaani, fungeni midomo na mfuniko wa piano.

Nimeshaweka nafasi Alhamisi ijayo saa tatu asubuhi. Nimeuliza, harusi ipo Ijumaa, viti vitakuwa vimepangwa. Mto wa kukalia naenda nao kutoka nyumbani.