Uzoefu wangu: kempa ya kukodi kutoka Dallas hadi Santa Fe

Nianze na bei, maana ndiyo kila mtu anayoniuliza. Kempa, yaani gari lenye kitanda na jiko ndani, si njia ya kubana matumizi. Ukijumlisha kodi ya gari, bima, maili za ziada, mafuta na ada za kambi, mimi na mke wangu tungeweza kwenda Santa Fe, mji wa jimbo la New Mexico, na gari letu dogo, tukalala hoteli nzuri, na chenji ikabaki. Sisi tuliikodi kwa sababu nyingine. Tulikuwa tunakwenda kwa marafiki wenye nyumba ndogo na watoto watatu, na hatukutaka mtu ahamishwe kitandani kwa ajili yetu. Kwa hilo kempa ilifanya kazi yake, nusu.

Tuliyopewa ni Ram ProMaster iliyogeuzwa kuwa chumba. Nyuma kuna kitanda cha watu wawili, katikati jiko la gesi la plate mbili, sinki na friji ya betri, na juu ya paa paneli za sola. Choo ni cha kaseti: unachomoa boksi lake kwa nje, unakwenda kulimwaga mahali palipotengwa kambini, unalisuuza, unalirudisha. Wanaoogopa habari za choo watulie, ukiwa na glavu ni kazi ya dakika chache. Ndani nilisimama wima bila kugusa dari. Leseni ya kawaida inatosha, na urefu wa mita 6 hivi unauzoea mapema, mradi ukubali kuishi kwa vioo vya pembeni, kwa sababu kile cha katikati hakikuonyeshi kitu.

Jambo ambalo tangazo halikulitaja kwa herufi kubwa: mikanda ya usalama ni miwili tu. Kitanda kinalaza wawili, viti vinabeba wawili, basi. Mwenye watoto aulize hilo kabla ya kuuliza rangi ya mapazia.

Makabidhiano nayapa alama ndogo. Kijana wa kampuni alitueleza pampu ya maji, betri, inveta (kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani) na hita kwa kasi ya mnadi wa mitumba, akatupa funguo, akaenda kwa mteja mwingine. Mke wangu alikuwa anamrekodi kwa simu tangu mwanzo, na ile video tuliirudia njia nzima. Fanyeni hivyo.

Kutoka Dallas tulishika barabara ya 287, Wichita Falls, Childress, Clarendon, hadi Amarillo. Kaskazini mwa Texas ni tambarare, na upepo wake hauna mlima wa kuuzuia. Gari refu lenye ubavu mpana linasukumwa kweli, hasa lori linapokupita. Nilishusha mwendo hadi maili 60 kwa saa na mikono ikabaki kwenye usukani. Mafuta nayo yalikwenda: kwenye njia tulivu galoni moja ilitupeleka maili 15 hivi, kwenye upepo pungufu ya hapo. Usiku tulilala kwenye hifadhi ya Palo Duro, bonde la miamba myekundu karibu na Amarillo, na asubuhi tukapita Cadillac Ranch, yale magari kumi yaliyozikwa pua chini shambani tangu 1974. Watu wanayapuliza rangi kila siku, na ruhusa ipo. Harufu ya rangi unaipata kabla hujayafikia. Baada ya hapo ni barabara kuu ya I-40 moja kwa moja. Ukivuka mpaka wa New Mexico saa inarudi nyuma saa moja, na pale Clines Corners unakata kaskazini kwa barabara ya 285.

Sasa kuhusu kufika. Mwenyeji wetu nilisoma naye Tanga, mkewe ni wa Mombasa. Nilikuwa nimeshamwambia kwa simu kwamba tunakuja na kitanda chetu, akacheka tu. Mkewe hakucheka. "Yaani shemeji, mtoke Dallas yote hiyo mje kulala kwenye changarawe nje ya mlango wangu? Majirani wataniona mtu wa aina gani?" Nikamwambia shemeji, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na mimi jembe silitaki. Akasema jembe lipo na godoro lipo, nichague. Tukaafikiana kula na kuoga ndani, kulala garini. Makubaliano yalidumu hadi watoto walipoingia kempani. Walipanda kitandani, wakafungua kila kabati, wakawasha kila taa, na jioni wakatangaza kwamba wao ndio wanaolala humo. Kwa hiyo mimi na mke wangu, tuliolipa pesa zote zile ili tusimtoe mtoto kitandani, tukalala kwenye vitanda vya watoto.

Kwa wanaopanga kuegesha nyumbani kwa mtu: waya wa kempa unachomekwa kwenye soketi ya kawaida ya ampea 15 ukiwa na adapta, na unachaji betri vizuri. Usitegemee kuendesha kiyoyozi kwa soketi hiyo. Uliza pia kama mtaa una masharti ya magari makubwa, maana mitaa mingine ya Marekani inayo.

Santa Fe iko zaidi ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, juu kidogo ya Njombe. Siku ya kwanza kichwa kinauma. Kunywa maji na usikimbie ngazi. Maji huchemka kabla hayajafika nyuzi 100, yanaishia kwenye 93 hivi, kwa hiyo maharage yanakaa motoni hadi gesi ya kempa inakuonea huruma. Shemeji alinyang'anya sufuria yetu, akayahamishia kwenye presha kuka, na mada ikaisha.

Katikati ya mji usiingie na kempa. Waspania waliufanya makao makuu yao 1610, na vichochoro vingi vimebaki na upana wa wakati ule. Tuliiacha nyumbani, tukazunguka kwa miguu. Barabara ya Canyon Road imejaa maduka ya sanaa ndani ya nyumba za udongo, unaingia na kutoka bure, na wenyewe hawakukodolei macho ukiuliza bei usiyoiweza. Kwenye baraza la Palace of the Governors wanakaa wasanii wa Kipueblo, Navajo na wengineo, wametandika mapambo ya madini ya fedha na vito vya feruzi chini kwenye vitambaa. Utaratibu wa pale ni mkali: wauzaji ni wenyeji wa asili, na kazi iwe ya mkono wa muuzaji au wa nyumbani kwake. Mke wangu alinunua hereni na akaelezwa jiwe lilivyokatwa. Kupiga picha, omba kwanza.

Lakini kama una nafasi ya sehemu moja tu, nenda Museum of International Folk Art, makumbusho ya sanaa za jadi za dunia. Kuna ukumbi wa mkusanyiko wa Alexander Girard, mbunifu aliyelikabidhi jumba hilo vitu zaidi ya laki moja kutoka nchi zaidi ya mia. Vilivyopangwa ukumbini ni maelfu: masoko mazima ya vinyago, maandamano ya harusi, vita, mbingu na jehanamu, kila kiumbe kikubwa kama kidole. Ukutani hakuna maelezo. Unachukua kijitabu na kutafuta mwenyewe. Wengine hilo linawaudhi. Mimi lilinifaa, kwa sababu unaangalia kitu kwanza kabla hujaambiwa ukione vipi. Tulikaa hadi walinzi wakaanza kutusindikiza kwa macho.

Watoto wao wanapenda Meow Wolf, ile nyumba ya maajabu iliyofunguliwa 2016 ndani ya jengo la zamani la mchezo wa bowling. Unafungua friji jikoni unatokea dunia nyingine. Tuliporudi, mdogo wao alikwenda kuikagua friji ya kempa kwa makini, akakuta mtindi, akatutazama kwa masikitiko.

Mahali ambapo kempa ilinifanya nisijutie hata senti ni safari ya Abiquiú na Ghost Ranch, saa moja na ushei kaskazini, kwenye nchi aliyoichora mchoraji Georgia O'Keeffe tangu miaka ya 1930. Marafiki walitufuata na gari lao kwa sababu ya ile mikanda miwili. Tulisimama mahali pana mbele ya miamba mirefu myekundu na ya manjano, tukafungua mlango wa ubavuni, nikachemsha chai ya tangawizi, shemeji akatoa mahamri. Mlima Pedernal uko kule mbele, umekatwa kichwa bapa, na ukishauona huhitaji kuelezwa kwa nini yule mama aliurudia mara nyingi hivyo kwenye picha zake.

Kasoro kubwa ilitokea Hyde Memorial, hifadhi iliyo mlimani juu ya mji, tulipokwenda kulala huko kuangalia misitu ya miti ya aspeni ikiwa imegeuka dhahabu. Ni Oktoba, usiku maji yanaganda, na tuko zaidi ya mita 2,500. Hita ikawaka, ikakohoa, ikazima na kuonyesha msimbo wa kosa. Hita hizi za petroli zinahitaji kurekebishwa kwa mwinuko: hewa ikiwa nyepesi mafuta yanazidi, masizi yanajaa, inajizima. Kampuni inayokodisha magari kwa watu wanaoelekea milimani inapaswa kulijua hilo. Namba ya dharura ilipokelewa asubuhi. Usiku ule tulivaa kila nguo tuliyobeba.

Wakati wa kurudisha gari niliwaonyesha picha ya ule msimbo na saa nilizopiga simu. Hawakubishana, wakakata gharama ya usiku ule na amana ikarudi yote. Ukikodi, piga picha kila kitu, na uliza wazi kama hita imewekwa kwa mwinuko. Kambi nazo uwahi kuzishika, kwa sababu mwanzoni mwa Oktoba tamasha la maputo makubwa ya kurukia angani la mji wa Albuquerque linajaza nafasi hadi huku.

Nyota tatu na nusu kwa kempa, mbili kwa huduma. Tunarudi Julai, wakati wa soko la kimataifa la sanaa za jadi, na safari hii tunatafuta yenye viti vinne, maana watoto wameshagawana nani anapanda na sisi.